Siku mbili na nusu Liverpool mkiwa na bibi mwenye magoti: kipi cha kuona, kipi cha kuacha

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Tanga. Katikati ya Novemba familia yake itakuwa Uingereza kumtembelea mdogo wake anayesoma Manchester, na wametenga muda kwa ajili ya Liverpool, kuanzia Ijumaa asubuhi hadi Jumapili mchana. Wako wanne: yeye, mumewe, mama mkwe wa miaka 70 anayesumbuliwa na magoti, na kijana wa miaka 12 ambaye hasikii neno lingine ila Anfield. Anauliza kama mji huo una chochote zaidi ya mpira na bendi ya Beatles, kipi walipie na kipi cha bure, bibi atazungukaje bila kuumia, na wataswali na kula wapi.

Mama, anzeni mtoni. Uwanja uwekeni siku ya pili, na Beatles muwaache kabisa kama hakuna mpenzi wao kati yenu. Karibu kila kitu kizuri cha Liverpool ni bure au kiko umbali wa kutembea kutoka ukingo wa Mersey, na mto wenyewe ndio unaoeleza kwa nini mji uko pale.

Watu wa Tanga hamhitaji kufundishwa bamvua, siku zile za maji makubwa. Kwenu maji ya bamvua hupanda na kushuka kama mita tatu na nusu hivi. Mersey hufika mita kumi. Chombo kilichofungwa ukingoni maji yakiwa yamejaa, saa sita baadaye kilikuwa kimelala ubavu kwenye tope, na mzigo haushuki. Ndiyo maana mwaka 1715 mhandisi Thomas Steers alifungua doki ya kwanza ya kibiashara duniani yenye lango: meli inaingia wakati maji yamejaa, lango linafungwa, na ndani maji yanabaki pale pale hata mto ukipwa. Doki ile ilifukiwa baada ya kufungwa mwaka 1826, na leo juu yake kuna eneo la maduka la Liverpool ONE. Kwenye Thomas Steers Way, katikati ya wanunuzi, kuna dirisha la duara sakafuni. Chungulieni, mtaona kuta zake chini. Ni bure, na wengi wanalipita bila kujua. Kutokana na wazo hilo moja la lango zilijengwa doki zenye urefu wa zaidi ya kilomita kumi kando ya mto.

Maji hayo hayo yatawapangia safari. Gati la feri pale Pier Head linaelea, na daraja la kuteremkia hulala kufuata maji. Maji yakijaa, bibi atatembea karibu sawasawa. Maji yakipwa, daraja linakuwa mteremko mkali, na kurudi juu ni kazi kwa magoti yake. Liverpool ina tabia moja ya kukumbuka: siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa sita mchana, siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, mambo hugeuka, na mchana maji huwa yamepwa. Tazameni mwezi kabla ya kuondoka. Ikiwa ni siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, pandeni feri kati ya saa tano asubuhi na saa saba mchana. Ikiwa ni maji mafu, tumieni jedwali la maji la Liverpool kutafuta saa yenye nafuu, au bibi abaki kwenye mkahawa wa gatini.

Mzunguko wa feri wenye maelezo huchukua takriban dakika 50. Watu wamekuwa wakivushwa hapo tangu karne ya 12, wakati huo na watawa wa Birkenhead, ng'ambo ya mto. Unalipiwa, nami nasema mlipe, kwa sababu majengo matatu makubwa ya Pier Head yalijengwa ili yatazamwe kutoka majini. Ukiyatazama kwa chini, shingo inauma na huoni kitu. La kushoto mkiwa majini ni Royal Liver Building la mwaka 1911, mojawapo ya majengo makubwa ya kwanza duniani kujengwa kwa zege lenye nondo. Nyuso za saa zake zina kipenyo cha mita 7.6, kubwa kuliko za Big Ben. Juu wamesimama ndege wawili wa shaba, mmoja anatazama bahari na mwingine mji. Wenyeji husema wa kike anangojea mabaharia na wa kiume anachungulia kama baa zimefunguliwa. Katikati ni jengo la kampuni ya meli ya Cunard, na la tatu ni la mamlaka ya bandari, la mwaka 1907. Ratiba ya feri majira ya baridi huwa fupi, kwa hiyo iangalieni usiku wa kuamkia, msifike mkasubiri kwenye upepo.

Kuhusu upepo: watu hudhani baridi ya Novemba ni ya kipimajoto. Nyuzi nane si kitu; upepo wa mtoni ndio unaoingia kwenye mifupa. Bibi avae koti lisilopitisha upepo na kilemba au kofia inayofunika masikio. Mwavuli acheni nyumbani, utageuka ndani nje katika dakika ya kwanza.

Kutoka feri, jumba la makumbusho la mji, Museum of Liverpool, liko hatua chache. Lilifunguliwa 2011, kiingilio bure, lifti hadi juu. Msilizunguke lote. Mpelekeni kijana kwenye behewa la reli ya juu ya bandari, ya kwanza duniani ya aina yake kuendeshwa kwa umeme, iliyofanya kazi toka 1893 hadi 1956, kisha pandeni ghorofa ya juu kwenye madirisha makubwa yanayotazama mto. Saa moja na nusu inatosha. Makumbusho ya umma ya Liverpool kwa kawaida hufunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na nje ya likizo za shule Jumatatu hufungwa. Ijumaa hadi Jumapili mko salama.

Halafu Royal Albert Dock, na hapa tulieni. Iliyofunguliwa 1846, ndiyo kazi kubwa ya mhandisi Jesse Hartley. Maghala ya wakati ule yalikuwa na nguzo na sakafu za mbao, na yakijazwa pamba, pombe na sukari yalishika moto kila mara. Hartley akajenga kwa chuma, matofali na mawe tu; katika mifupa ya jengo hakuna ubao. Gongeni zile nguzo nene nyekundu za ukingoni mtasikia ni chuma kitupu. Meli ilisimama ukutani, mzigo ukapandishwa moja kwa moja ghalani, na hapo zilipita chai, hariri, tumbaku na pembe za ndovu. Miaka michache baadaye wakafunga mashine za kunyanyulia mizigo kwa nguvu ya maji. Kilichoiua doki ni ukubwa wa meli: meli za mvuke zilizofuata hazikupita langoni. Ilifungwa 1972 ikiwa imejaa tope, ikafunguliwa upya katika miaka ya themanini kwa maduka, migahawa na makumbusho.

Sasa habari ambayo vitabu vingi vya wasafiri havijaisahihisha. Tate Liverpool ilifungwa Oktoba 2023 kwa ukarabati mkubwa, na makumbusho mawili ya jengo moja, ya ubaharia na ya utumwa, yalifungwa mwanzoni mwa 2025 kwa kazi ya miaka kadhaa. Angalieni tovuti zao wiki moja kabla ya safari. Watu hufika Albert Dock wakiwa wamepanga siku nzima ya kukaa ndani, wakakuta milango mitatu imefungwa, wakaishia kununua sumaku za friji.

Kufungwa kwa jumba la utumwa kusiwafanye mruke habari yenyewe, hasa mkiwa na mtoto. Mwishoni mwa karne ya 18 zaidi ya nusu ya biashara ya watumwa ya Uingereza ilipitia meli za Liverpool, hadi sheria ya 1807 ilipoipiga marufuku. Kijana wenu huenda anaijua habari ya Bagamoyo na Zanzibar. Mwelezeni kwamba hii ni nyingine. Meli za hapa zilichukua watu hasa pwani ya Afrika Magharibi zikawavusha Atlantiki, na zilirudi Liverpool na sukari, tumbaku na pamba, kwa hiyo watumwa wenyewe kwa sehemu kubwa hawakupita kwenye gati hizi. Alama ziko mitaani. Barabara iliyo nyuma ya majengo ya Pier Head inaitwa Goree, jina la kisiwa cha Senegal. Pandeni Water Street dakika tano mpaka Town Hall la mwaka 1754, muinue macho: kwenye mapambo ya mawe kuna vichwa vya Waafrika na tembo, vimechongwa kwa fahari ya wafanyabiashara waliojivunia chanzo cha fedha zao. Nyuma yake, uwanjani, kuna mnara wa Nelson, amirali wa Uingereza, wenye watu waliofungwa minyororo. Wageni wengi huwapiga picha wakidhani ni watumwa; ni mateka wa vita. Tangu 2022 baadhi ya mitaa imewekewa vibao vya maelezo. Ukanda wa Town Hall ni saa moja tu, na hauna kiingilio.

Mkitaka jambo moja la kulipia karibu na hapo, chagueni Western Approaches, handaki la Rumford Street lililoongoza vita vya Atlantiki kuanzia Februari 1941. Ramani kubwa ya ukutani bado ipo. Ila ni chini ya ardhi na kuna ngazi. Bibi anaweza kupumzika Albert Dock na mtu mzima mmoja kati yenu akabaki naye. Na huko Albert Dock angalizo dogo: mawe ya chini ni ya zamani, hayako sawa, na kiti cha magurudumu kinatikisika vibaya. Tembeeni chini ya paa la nguzo, pana sakafu bora.

Jua la katikati ya Novemba huzama kama saa kumi na dakika kumi jioni. Kwa hiyo ya nje yote yafanyeni kabla ya saa tisa na nusu. Ya ndani yaje baadaye. Hii inagusa na swala: adhuhuri, alasiri na magharibi zinaingia ndani ya saa nne hivi, na atakayechelewa kidogo mjini atajikuta moja imempita.

Kwa swala ya Ijumaa, msikiti mkubwa ni Al-Rahma, Hatherley Street, eneo la Toxteth. Teksi kutoka katikati ya mji ni mwendo mfupi. Lakini kuna mwingine wa kuona kwa historia yake, kwenye Brougham Terrace, West Derby Road. Wakili wa Liverpool, William Henry Quilliam, alisilimu, akajiita Abdullah, akaanzisha taasisi ya Kiislamu mwaka 1887, na miaka miwili baadaye wakahamia kwenye nyumba hii, ambamo paliendeshwa mmoja wa misikiti ya kwanza kabisa ya Uingereza. Alipoondoka 1908 mambo yalisambaratika na jengo likawa ofisi za serikali kwa muda mrefu. Ukumbi wa swala ulifunguliwa tena 2014. Ulizeni kwanza saa za kupokea wageni. Chakula halali si tatizo: Lodge Lane, si mbali na Al-Rahma, ina migahawa ya Kiyemeni na maduka ya Kiarabu na Kisomali, maana mabaharia wa Aden na Somalia walihamia mji huu zamani. Wali na nyama ya kondoo vya pale bibi atavielewa bila kufafanuliwa. Chakula cha wenyeji kinachoitwa scouse ni mchuzi mzito wa nyama, viazi, karoti na vitunguu, huliwa na kabichi nyekundu ya siki. Kwa asiyekula nyama ya hoteli za kawaida, kipo cha mboga tupu.

Jumamosi asubuhi ni ya kijana. Uzuri wa tarehe zenu ni kwamba mwishoni mwa juma la katikati ya Novemba mara nyingi ligi husimama kupisha timu za taifa. Bila mechi, ziara za uwanja wa Anfield huendelea. Siku ya mechi haziendeshwi kama kawaida. Kateni tiketi mtandaoni mapema, na mseme wakati huo huo kwamba kuna mtu asiyeweza ngazi. Mkifika bila tiketi mtapiga picha za geti. Tengeni saa mbili na nusu pamoja na jumba la makombe. Anfield haina stesheni jirani: ya karibu ni Kirkdale, karibu maili moja kwa miguu. Kwa bibi chukueni basi au teksi, na zile teksi nyeusi zina daraja la kupandishia kiti cha magurudumu. Kabla ya kuingia, simameni kwenye ukumbusho wa Hillsborough wenye majina 97 ya mashabiki waliopoteza maisha kutokana na msongamano kwenye uwanja wa Hillsborough, Sheffield, 15 Aprili 1989. Hapo watu hunyamaza, na mtoto aelezwe mapema. Ndani, mkumbusheni kwamba Divock Origi, aliyefunga mawili kwenye ile 4–0 dhidi ya Barcelona mwaka 2019, ni mtoto wa Mike Okoth wa Harambee Stars.

Everton nao wana habari. Mwaka 2025 timu ya wanaume ilihama Goodison Park, ng'ambo ya bustani ya Stanley Park kutoka Anfield, ikaenda kwenye uwanja mpya wa watu zaidi ya 52,000 uliojengwa juu ya doki ya Bramley-Moore. Mpango huo ulikuwa miongoni mwa sababu za UNESCO kuufuta mji huu mwaka 2021 kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wanaosimamia Mji Mkongwe wa Zanzibar wana cha kusoma hapo. Kama mume wako aliiona Everton ikicheza na Gor Mahia Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, Julai 2017, atataka kupita. La sivyo, Anfield inatosha.

Jumamosi mchana pandeni kilima, na msikipande kwa miguu. Teksi iwashushe kwenye kanisa kuu la Kikatoliki, jengo la duara lililokamilika 1967. Ulizeni mlango usio na ngazi, maana zile za mbele ni nyingi. Mwanga wa vioo vya rangi vya mnara wake ni mzuri zaidi kabla ya saa nane mchana. Kutoka hapo Hope Street ni kama mita 800 na iko karibu tambarare, mpaka kanisa kuu la Kianglikana. Hilo lilianza kujengwa 1904 likaisha 1978, lina urefu wa mita 189 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na kwa kipimo hicho ni refu kuliko makanisa makuu yote duniani. Msanifu wake, Giles Gilbert Scott, alikuwa Mkatoliki, na ndiye aliyebuni kile kibanda chekundu cha simu cha Waingereza. Kimoja kimewekwa humo ndani. Kiingilio bure. Kupanda mnara ni kwa malipo: lifti mbili, kisha ngazi 108. Bibi abaki chini na chai. Mwenye kutaka kuona mji kwa juu bila kulipa na bila ngazi aende maktaba kuu, William Brown Street, ina lifti na baraza juu ya paa. World Museum iko jirani, nayo bure, ina samaki na wadudu hai kwa mtoto aliyechoka na historia.

Beatles: sanamu zao wanne ziko Pier Head, mtapiga picha mkishuka kwenye feri. Kwenye Mathew Street mjue kwamba klabu ya Cavern ya asili, walikopiga muziki, ilifungwa 1973. Iliyopo ilijengwa upya miaka ya themanini kwa sehemu ya matofali ya zamani.

Jumapili asubuhi, kama jedwali linaonyesha maji yatakuwa yanapwa, nendeni Crosby kuona watu 100 wa chuma wa mchongaji Antony Gormley, waliosimama ufukweni kwa urefu wa karibu kilomita tatu wakitazama bahari. Kila mmoja ana kilo 650. Treni ya Merseyrail kutoka Central hadi Blundellsands & Crosby ni kama dakika 20, kisha dakika kumi kwa miguu. Treni mpya zina sakafu iliyo sawa na jukwaa, kwa hiyo magoti hayana kesi. Siku ya bamvua, saa sita mchana mtakuta vichwa tu, au maji matupu. Na msifuate zile sanamu za mbali. Chini ni tope linalonasa mguu, na ufuko ni wa bapa, kwa hiyo maji hurudi kwa kasi na kukuzunguka kwa nyuma kabla hujaona. Kijana asitoke kwenye mchanga mgumu.

Kuhusu treni za mjini, mstari wa Wirral chini ya ardhi huzunguka upande mmoja tu. Kutoka Lime Street kwenda James Street, karibu na Pier Head, mtapita Central. Kurudi mtapita Moorfields. Msihangaike kutafuta jukwaa la upande wa pili, halipo. Siku za kazi, tiketi ya siku nzima ya bei nafuu hutumika baada ya saa tatu na nusu asubuhi. Bebeni kadi ya benki, sehemu nyingi hazipokei noti.

Jumapili reli za Uingereza hufanyiwa matengenezo, na treni ya Manchester inaweza kugeuzwa basi. Angalieni Ijumaa jioni, na muulizeni mdogo wako stesheni gani iko karibu naye, Victoria, Oxford Road au Piccadilly, kwa sababu treni za Liverpool hazisimami zote mahali pamoja.